Wimbo wa Kikurdi Tulioufanya Mpasho

Tangu nirudi, kila nikikanyaga msibani, harusini au saluni, swali ni lile lile: "Mama Hidaya, yule Mwarabu uliyekuwa unamtunza kule China ni nani?" Mnacheka, mnanionyesha video kwenye simu zenu kana kwamba mimi mwenyewe sikuwepo. Wengine mmenitumia tena na tena. Wengine mmeomba niwape wimbo mzima, muupige kwenye kitchen party. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na nikijibu kwa mdomo nakasirika kabla sijafika katikati. Kwa hiyo naandika, msome wote kwa pamoja. Habari za viza na tiketi sizigusi, hizo mnazijua. Naanza pale tulipokwama.

Dar hadi Addis

Nilisafiri na wifi yangu Tunu. Kwa asiyemjua, Tunu ni mke mkubwa wa kaka yangu, na tangu kaka aongeze mke, Tunu hasemi na mwenzake kwa mdomo. Anasema naye kwa status. Akishona dera jipya, status. Akipika pilau, status. Akipanda ndege ndiyo usiseme. Nilimchukua kwa sababu ana jicho la mikoba. Akishika mkoba mara moja tu anajua kama utatoka Kariakoo au utakaa dukani mpaka upauke, na kwa hilo simnyimi haki yake.

Addis tulikwama. Ndege ya kwenda Guangzhou ina hitilafu, subirini. Tukasubiri. Subirini tena. Mwishowe wakatupa kuponi za chakula, tukapata injera na mchuzi wa dengu. Sina ugomvi na injera, lakini ya siku ile ilikuwa chachu mpaka meno yakafa ganzi. Tunu hakula hata tonge. Alikuwa anazunguka ukumbini na simu, anajirekodi yeye na mabegi yake, ili mtu fulani kule Dar aone nani kasafiri na nani kabaki.

Karibu yetu alikaa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, baba wa makamo mwenye kofia ya kiua. Kamera ilipompitia aliinama kama mtu aliyeangusha funguo.

"Dada, tafadhali igeuze kando hiyo simu," alisema. "Bibi yangu ajua niko Eldoret."

Tulicheka wote, na yeye akacheka. Tunu akaigeuza simu upande wa pili, akaendelea na kazi yake. Yule baba alijua picha ikishatoka haina mwenyewe. Sisi tuliona ni kichekesho.

Xiaobei

Guangzhou tulifika tumechoka hata kutukanana hatuwezi. Lakini Xiaobei ukishafika unapata nguvu, maana Dengfeng, mtaa wa hapo hapo, unasikia Kiswahili kabla hujasikia Kichina. Maduka ya simu, wabadilishaji fedha, wali na samaki wa kukaanga, mtu anakuita "mama Tanzania, mama Tanzania" toka upande wa pili wa barabara. Hapo ndipo Diyar alipotupokea, kama anavyotupokea kila safari.

Diyar ni wakala wetu. Anakupeleka viwandani, anakupigia bei, anakagua mzigo usibadilishiwe, anahakikisha umeingia kwenye kontena. Ni mtu wa miaka kama arobaini, mrefu, macho yamezama ndani. Kiswahili amekiokota kwetu, na kwa kuwa tuliompa ni wauzaji, kimejaa maneno ya sokoni.

"Mama Hidaya! Karibu, mama. Umenenepa, mashallah. Business iko sawa?"

"Iko wapi sawa, mwanangu. Mbona umenyoa ndevu?"

"Naenda nyumbani. Nikipakia container yenu tu, naenda. Mama yangu figo mbovu. Daktari amesema anayetaka kumwona amwone sasa."

Nilimpa pole, nikamwambia mzigo wetu usimcheleweshe. Akasema hapana, tiketi ameshakata, zamani sana hajaenda, siku chache haziharibu kitu. Kwenye simu yangu nimemwandika "Diyar Mwarabu". Hivyo ndivyo tunavyomwita wote, na yeye anaitika.

Shiling

Kesho yake tulikodi gari kwenda Shiling, mji wa mikoba. Ukiingia mle unaweza ukasahau jina lako. Maduka yamepangana, ghorofa juu ya ghorofa, kila mlango mikoba, na kila laoban, yaani mwenye duka, anakwambia yake ndiyo ngozi halisi. Tunu aliichagua mikoba ya kahawia yenye kufuli la dhahabu. Diyar akaukunja mmoja sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, hii si ngozi. Hii copy ya copy. Ikifika Dar na joto, inamenyeka."

Laoban, mwanamke mfupi aliyekuwa anakula mbegu za alizeti, akakasirika. Wakabishana Kichina mpaka yule mama akacheka, akatoa mikoba mingine chini ya kaunta, na bei ikashuka. Tukamaliza vizuri. Siku ile nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Mchana tukaingia kwenye kibanda cha Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mikono. Tunu ana wasiwasi na nyama, kila bakuli kwake ni nguruwe mpaka ithibitike vinginevyo. Nikamwambia, "Muulize Mwarabu wetu, yeye atakuhakikishia."

Diyar aliweka vijiti vyake mezani.

"Mama, leo nikwambie. Mimi si Mwarabu."

"Wewe ni nani basi?"

"Mimi Mkurdi."

"Ukurdi ni nchi gani hiyo?"

Alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Hapo ndipo ugomvi ulipo, mama. Hakuna nchi. Watu wapo."

Akanieleza. Watu wake wamegawanywa: wengine Uturuki, wengine Irani, wengine Iraki, wengine Siria. Yeye anatoka kwenye mojawapo, na sitaitaja ni ipi, sababu mtaijua mkisoma. Alipoanza shule hakujua lugha ya serikali, anajua ya mama yake tu, akachapwa siku ya kwanza kwa kuomba maji ya kunywa. Hata jina. Diyar ni jina alilopewa na mama yake. Kwenye pasipoti kuna jingine, la serikali. Kadi yake ya biashara ndiyo imeandikwa yote mawili, kwa sababu benki inataka la pasipoti na wateja wamezoea lile la mama.

"Miaka yote hii tunakuita Mwarabu, kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnanipa kazi. Mwarabu, Mturuki, Mpakistani, mimi naitika. Lakini safari hii naenda kwa mama. Nimechoka kuitika."

Nikaona haya. Ili tutoke hapo nikamuuliza kama kwao kuna taarabu. Akasema zipo nyimbo, nyingi ni za vilio. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alitunga mmoja baada ya kijiji chao kuchomwa na askari. Hautaji serikali wala askari. Unataja nyumba tu, moja baada ya nyingine, kutoka mtoni mpaka msikitini, nani alikaa wapi. Mjomba alifungwa kwa sababu ya wimbo huo, na mpaka leo ukiimbwa hata harusini, mwimbaji huitwa kuhojiwa.

"Wimbo?" alisema Tunu. "Mtu anafungwa kwa wimbo?"

"Kwenu hakuna wimbo ukiimbwa mtu ananuna?"

"Wako tele. Lakini ananuna tu, hafungi mtu."

"Basi mna bahati," alisema Diyar. Akaendelea kula. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba wenzake wengi walioko nje huandamana, huimba, huweka mambo mtandaoni. Yeye hajawahi. Anaimba mgahawani kwa rafiki yake, milango imefungwa, basi. Wenzake humwita mwoga. "Sina kesi, mama. Nimenyamaza miaka yote ili nibaki na mlango wa kurudi kwa mama yangu."

Hayo aliyasema mbele yetu sote wawili, mimi na Tunu. Naomba mlikumbuke hilo, maana Tunu anawaambia watu hakujua.

Mgahawani, nyuma ya Dengfeng

Mkurdi mwenzake mwenye mgahawa alimwandalia karamu ya kumuaga. Baada ya magharibi akafunga mlango kwa wateja wa kawaida, tukabaki sisi wawili na meza tatu za watu wao. Kulikuwa na kondoo aliyepikwa mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe, wali wenye zabibu, na jagi la mtindi mweupe. Tunu akajimiminia bilauri nzima akidhani ni wa sukari. Ulikuwa wa chumvi. Alivyokunja uso, hata wale wanaume waliokaa wamenuna walicheka, na mwenye mgahawa akamletea soda.

Kisha mtu akaleta tembur yao. Ni kama gambusi lenye shingo ndefu, tumbo dogo. Diyar akaimba moja ya mapenzi, akaimba nyingine ya kuchezea, watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyemwomba ule wa mjomba. Nilitaka kuusikia tu. Aliwatazama wenzake, mwenye mgahawa akaenda kuhakikisha mlango umefungwa, akarudi akatikisa kichwa kukubali.

Mnanijua. Nimekaa kwenye taarabu tangu nikiwa kwenye kanga ya mama yangu, na waimbaji nimewasikia. Lakini sijapata kusikia mtu akiimba vile. Hakupaza sauti. Aliimba kama anayepita mlangoni kwa kila mmoja na kubisha hodi. Neno hata moja sikulielewa, lakini nilijua kuwa yale ni majina, na nilijua kwamba hakuna mlango utakaofunguliwa. Machozi yakanitoka. Na sisi mtu akikugusa vile hukai. Ukikaa umemdharau.

Nikainuka. Nikauweka mtandio wangu vizuri, nikachukua noti mkobani, nikaenda mbele polepole, kwa mwendo wetu ule ule mnaoujua, nikambandika noti ya kwanza kwenye paji la uso, nyingine nikazitia mfukoni mwa shati. Nyuma yangu Tunu akapiga vigelegele. Simu yake ilikuwa juu.

Diyar alifumbua macho. Sauti ikakatika kidogo, kisha akaendelea mpaka mwisho. Lakini ukumbi ulikuwa umeganda. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alisukuma kiti chake, akavaa koti, akatoka bila kuaga. Nikarudi kukaa kwa aibu, sijui nimekosa nini.

Tulipotoka, Diyar alitusindikiza kwa miguu.

"Mama," akaanza, "kwetu pesa kwenye paji la uso ni mambo ya harusi. Ule ni wimbo wa maiti. Yule mzee nyumba yake imo ndani ya wimbo."

"Ya Rabi. Kwetu hatumtunzi mtu kwa furaha peke yake. Maneno yakikuchoma unainuka, ili mwimbaji ajue yamefika."

Alitembea hadi kwenye taa za barabarani.

"Yamefika," alisema. "Sawa. Hiyo nitawaeleza, na yule mzee nitamweleza. Na noti zako sitazitumia. Nitampa mama yangu, nimwambie zimetoka Afrika kwa ajili ya kaka yake." Akacheka, safari hii kwa raha. Nikaenda kulala moyo mweupe.

Hotelini

Sasa tufike kwenye aibu yetu. Asubuhi nilimkuta Tunu kitandani na simu, anacheka peke yake. China mitandao yetu mingi haifunguki, lakini yeye alikuwa na laini ya nyumbani, na laini ya nyumbani inafungua. Alikuwa ameweka ile video. Chini yake ameandika: "Mpasho wa Kikurdi huu. Umfikie anayejijua, mwenye kuvunja nyumba za watu."

Nadhani mnaelewa. Diyar anataja nyumba zilizoteketea na watu wake, Tunu anamrushia mke mwenzake. Na ujumbe ukafika, maana yule mke mdogo alishajibu kwa video yake, na nyie mkagawanyika pande mbili, mkashangilia. Nikamwambia Tunu aache mambo ya kitoto, aifute video. Akasema atafuta. Nikaenda kuoga. Sikumsimamia mpaka afute, na kwa hilo sijisamehe.

Kitu ambacho sikukiona ni hiki. Watu walimuuliza mwimbaji ni nani, mbona anaimba vizuri hivyo. Tunu akapiga picha kadi ya biashara ya Diyar, majina yote mawili, akaiweka hadharani: "Huyu ndiye wakala wangu Guangzhou, mwaminifu, mnaotaka mzigo mpigieni." Ninaamini alidhani anamsaidia. Sisi wafanyabiashara tukimpenda mtu tunamtangaza. Hatujui njia nyingine.

Kutoka Dar ikaenda Dubai, kutoka Dubai ikaokotwa na Wakurdi walioko huko nje. Wao walifurahi ajabu: mwanamke Mwafrika kavaa mtandio anautunza wimbo wao uliokatazwa! Wakaandika maneno makubwa ya kisiasa juu yake, wakaisambaza kwa maelfu. Na palipo Wakurdi wanaotazama, pana wanaowatazama Wakurdi.

Nansha

Mzigo ulipokamilika tulikwenda Nansha, kwenye ghala karibu na bandari. Kontena tulichangia na mfanyabiashara mwingine, na masanduku yake ya vyombo hayakuwa yamefika. Kila tukiuliza, karani wa ghala anasema meiyou, hakuna bado. Tukakaa kwenye kantini ya madereva wa malori, tukala wali na mayai yaliyopikwa na nyanya, chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula safari ile, na mpaka leo sijakipika nyumbani kwa yaliyofuata.

Simu ya Diyar ililia. Alipoona anayepiga akatabasamu, akatoka nje. Nilikuwa namwona dirishani kati ya malori. Mwanzoni alikuwa anatembea huku anaongea. Kisha akasimama. Kisha akachuchumaa chini, mtu mrefu vile, mkono kichwani.

Aliporudi hakukaa.

"Alikuwa dada yangu. Anasema huko mvua kubwa, barabara zimekatika, nisije."

"Poleni. Mvua itaisha."

"Mama, kwetu mwezi huu mvua hainyeshi."

Akaniuliza pole pole, "Nani alipiga video?"

Tunu alikuwa anatafuna. Akaacha.

Watu wawili walikuwa wamefika nyumbani kwa dada yake, wana adabu, wamekunywa na chai. Walikuwa na video, walikuwa na picha ya kadi. Walitaka tu kujua ndugu yao anafika lini, ili wampokee uwanja wa ndege. Hayo Diyar aliyapata pale pale nje, kwa binamu aliyeko Ulaya, ambaye ndiye aliyemtumia na video yenyewe. Akatuwekea mezani. Na chini yake kulikuwa na maneno yenu, shoga zangu. Vicheko. "Mke mwenza hapo kachomeka." "Baba endelea kumpa vidonge vyake." Diyar Kiswahili anakisoma.

"Mke mwenza ni nini?" aliniuliza.

Nikamweleza. Hamjui ilivyokuwa kazi kumweleza mtu yule jambo lile, mahali pale.

"Wimbo wa mjomba wangu wameuelewa hivi?"

"Hawakuuelewa. Wameweka yao."

"Kwani kuimba ni kosa?" Tunu akaingilia, sauti imepanda kwa woga. "Mimi nimempa tangazo la bure. Ningejuaje? Basi, nafuta, ona, nimefuta."

"Ulijua," nikamwambia. "Alikwambia Shiling, ukiwa na bakuli mbele yako."

Hapo Diyar akapiga meza, sahani zikaruka, madereva wakageuka. Sijapata kumwona amekasirika. "Nyumba ziliungua na watu ndani, dada! Umesikia? Watu ndani! Mke wa mumeo ameingia wapi?" Na kama aliyeishiwa nguvu, akakaa, akaanza kuzikusanya zile sahani, kuzipanga moja juu ya nyingine. "Mimi niliogopa miaka yote. Wenzangu wamepiga kelele, wamejulikana, angalau wamepiga kelele. Mimi nimenyamaza, na bado sitamwona."

Masanduku ya vyombo yakafika. Alikwenda kusimamia upakiaji mpaka sanduku la mwisho, kama kawaida yake, na hakuna mkoba hata mmoja uliopungua.

Baiyun

Nilidhani hatatupeleka uwanja wa ndege. Alikuja. Mimi nilikaa mbele, Tunu nyuma, simu kaitia mkobani. Nilimuuliza Diyar kama hakuna njia ya kuzunguka, ya kupitia nchi nyingine, ya kumtoa mama waonane nje. Akasema mama hawezi kupanda hata ngazi za nyumba yake. Nilimwambia nitawaandikia nyote mfute. Akatikisa kichwa.

"Usiwaambie wafute. Iliyonidhuru imeshanidhuru. Na mama yangu anaitazama."

"Ameiona?"

"Kila siku. Jirani alimwekea kwenye simu kabla ya wale watu kuja." Akapunguza mwendo. "Tatizo lingine ni hilo, mama. Ameona pesa kwenye paji la uso. Ameona mwanamke kajifunika vizuri, analia. Anasema mwanangu ameoa huko mbali, na huyu ndiye mke wake."

Mimi nina wajukuu wanne. Diyar ningeweza kumzaa, japo ningeanza mapema. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu.

"Hamkumwambia?"

"Dada yangu amwambie nini? Kwamba si harusi? Basi ni nini, na kwa nini siji? Moyo wake hauwezi. Kwa hiyo ni harusi, na siji kwa sababu ya viza ya mke." Tulikuwa tumefika mbele ya mlango wa kuondokea. Akasimamisha gari, akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Amekuwa akiomba akuone. Nakuomba, mama. Salamu tu."

Nikaweka mtandio wangu vizuri.

Alipiga. Kwenye kioo cha simu akatokea bibi kizee mwenye umbo dogo, mweupe, kitambaa cheupe kichwani, mito mitatu mgongoni, mkono umefungwa bandeji palipokuwa na sindano. Aliponiona akaweka mkono mdomoni.

"Assalaam alaykum, mama," nikasema.

"Wa alaykum salaam, wa alaykum salaam," akaitika, na zaidi ya hapo maneno yakamtoka kama maji. Alibusu kioo. Diyar alikuwa anatafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma bei: anasema una uso wa kheri, anasema ulivyolia kwenye wimbo wa kaka yake, amejua wewe ni mtu mwenye watu, anauliza kama mwanawe anakula.

"Anakula," nikasema. "Mwambie anakula vizuri."

Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Bibi akauliza kitu kingine, kifupi, akasubiri. Diyar hakutafsiri. Bibi akauliza tena. Nikamgeukia Diyar.

"Anauliza tunakwenda kwake lini."

Askari wa barabarani alikuwa anatujia akipunga mkono tuondoke. Tunu nyuma alikuwa anavuta kamasi. Nikakitazama kile kioo, na sikungoja mtu anitafsirie.

"Inshallah, mama," nikamwambia. "Inshallah."

Alilisikia. Akainua mikono yote miwili, ule mzima na ule wa bandeji, kisha akageuka akaita mtu ndani ya nyumba, sauti imepata nguvu kuliko mwanzo. Nikamuuliza Diyar anasema nini.

"Anamwambia dada yangu afue mapazia ya chumba chetu."